Mpala: Boma, Misioni na Urithi wa Mji wa Ziwani

Katika pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kalemie, kuna majina ambayo ramani zimeyatunza vizuri kuliko vitabu vya historia: Mpala, Lubanda, Moba, Kirungu, Zongwe. Huko milima ya Marungu inayakaribia maji kiasi kwamba mahali pengi hapapatikani nafasi hata ya shamba la muhogo, na tangu zamani watu wamejenga pale ambapo mto umefungua bonde. Mpala ni mojawapo ya mahali hapo. Upo kwenye mdomo wa mto Lufuko, katika nchi ya Watabwa, na kwa macho ya mpita njia ni kijiji kikubwa chenye kanisa. Hata hivyo, kwa muda mfupi katika karne ya 19, palikuwapo watu Ulaya walioamini kwamba mahali hapo pangekuwa chimbuko la ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika.

Mtu akiuliza Mpala ni mji wa namna gani, jibu la haraka ni kwamba ni mji wa misioni. Ulaya inayo miji mingi inayofanana nao. Alcobaça, nchini Ureno, ulikua kandokando ya monasteri ya watawa Wasistersiani iliyoanzishwa mwaka 1153, na hata sasa mgeni akienda huko huenda kwa sababu ya monasteri. Lakini mfano huo hautufikishi mbali. Watawa wa Alcobaça walipewa ardhi na mfalme wa nchi ile ile, na wakulima waliohamia humo walikuwa raia wa mfalme huyo. Mapadre wa Mpala walipewa boma na mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, na wengi wa wakazi wa kwanza wa misioni yao walikuwa watoto walionunuliwa. Makala hii inakusudia kuieleza historia ya mji huo kwa kuifuata tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoamua urithi wa Mpala ni wa nani na uko wapi.

Bwana Boma

Wasomi wa Kiswahili hawakosi kuwa wamekutana na Watabwa, ingawa huenda hawakumbuki. Katika maelezo ya maisha yake, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anasimulia jinsi alivyompiga Nsama wa Itabwa mwaka 1867 na kujipatia pembe nyingi za ndovu. Baada ya ushindi huo njia za misafara zilifunguka zaidi, na bunduki zikaingia katika nchi ambayo watawala wake walikuwa wengi na wadogo wadogo. Kila mtawala aliyepata bunduki aliweza kuteka watu, na kila aliyeteka watu aliweza kununua bunduki zaidi. Mmoja wa walioinuka kwa njia hiyo ni Lusinga lwa Ng'ombe, ambaye ngome yake ilikuwa milimani juu ya Lufuko. Msafiri Joseph Thomson alimkuta huko mwaka 1879, akiwa tayari ni mtu wa kuogopwa.

Wakati huo huo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa akitafuta mlango wa kuingilia Afrika. Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoundwa Brussels mwaka 1876, kilipeleka misafara yake kupitia Unguja na Tabora. Kituo cha kwanza ziwani kilijengwa na Cambier huko Karema, pwani ya mashariki, mwaka 1879. Cha pili kilijengwa ng'ambo ya pili, mwezi Mei 1883, na Kapteni Émile Storms. Storms alifanya udugu wa damu na mtawala wa mahali pale, aliyeitwa Mpala, na kituo kikachukua jina la ndugu huyo mpya. Mpala mwenyewe hakuishi kuyaona matokeo ya mapatano yake, kwani alikufa kwa ndui mwaka 1884.

Watu wa Lufuko walimwita Storms "Bwana Boma". Jina hilo lastahili kutazamwa kwa makini kuliko hati za mikataba. Neno boma, kwa asili, ni ua wa miti au miiba unaowazunguka ng'ombe au nyumba. Katika njia za misafara lilipata maana ya ngome, na baadaye, chini ya tawala za kikoloni za Afrika ya Mashariki, likawa jina la ofisi ya mkuu wa wilaya, hata leo watu husema mtu amekwenda bomani. (Mji wa Boma ulio karibu na mdomo wa mto Kongo ni jambo jingine kabisa.) Kumwita mtu Bwana Boma ni kusema kwamba alitambulikana kwa ukuta wake kabla ya kutambulikana kwa lolote jingine. Waliomjengea ukuta huo na kuulinda walikuwa wapagazi na askari aliokuja nao kutoka upande wa mashariki, ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya kazi. Kwa hiyo mzungu huyo alipewa jina katika lugha ya misafara ile ile ambayo chama chake kilisema kimekuja kuikomesha.

Mabwana wawili hawakuweza kukaa katika bonde moja. Mwezi Desemba 1884 Storms aliwatuma askari wake kwenda ngomeni kwa Lusinga. Yeye mwenyewe hakwenda. Lusinga aliuawa, watu wake wengi wakauawa au kutekwa, na kichwa chake kikaletwa Mpala. Fuvu hilo, pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili na sanamu ya mti ya mhenga wa Lusinga, lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Itabidi kulirudia jambo hilo baadaye, kwa sababu halikuishia hapo.

Kutoka ngome hadi misioni

Mkutano wa Berlin ulipokwisha mwanzoni mwa mwaka 1885, Leopold alikuwa amepata alichokitaka, yaani Dola Huru ya Kongo, ambayo ingefikiwa kwa mto kutoka magharibi. Vituo vya ziwani, vilivyotegemea njia ndefu ya Unguja, vikawa mzigo. Akamwachia Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao kwa Kiswahili wameitwa Mapadre Weupe kutokana na kanzu zao. Shirika hilo, lililoanzishwa Aljeria mwaka 1868, lilikuwa limefika Ujiji mwaka 1879 na limekwisha kupata hasara kubwa: mwaka 1881 wamisionari wake waliuawa Rumonge, katika Burundi. Mwezi Julai 1885 Padre Isaac Moinet aliipokea Mpala mikononi mwa Storms.

Alichokipokea Moinet hakikuwa jengo tu. Storms alikuwa akiamua kesi, akipokea kodi na kuwasimika watawala, na wale waliomzoea kufanya hivyo walitazamia kwamba aliyeingia ndani ya boma angeendelea. Mapadre wakajikuta ni watawala wa nchi. Lavigerie hakulichukia jambo hilo. Yeye ndiye aliyekuwa na ndoto ya ufalme wa Kikristo. Lakini ufalme huhitaji jeshi, na jeshi hilo likaja katika umbo la mtu mmoja, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa mjini Roma. Joubert alifika Mpala mwaka 1887, akakusanya na kufundisha askari wa Kiafrika, akajenga kituo chake cha Saint-Louis huko Mrumbi. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, Mkristo wa Mpala. Hakurudi Ulaya tena. Alifariki mwaka 1927 karibu na Moba, baada ya miaka 40 katika nchi ile.

Miaka ya kwanza ya Joubert ilikuwa miaka ya kuzingirwa. Upande wa kaskazini wa ziwa ulikuwa chini ya Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara kutoka Lindi aliyekuwa na makao yake Ujiji. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na fedha zilizochangwa zililipia misafara ya kijeshi. Mmojawapo, ulioongozwa na Kapteni Jacques, ulianzisha kituo cha Albertville mwishoni mwa mwaka 1891, jina ambalo mji wa Kalemie ulilibeba mpaka mwaka 1966. Nguvu za Rumaliza zilivunjwa katika vita vya mwaka 1893 na 1894. Hapo ndipo utawala wa mapadre ulipopungua, kwa kuwa Dola Huru sasa ilikuwa na askari wake yenyewe na haikuhitaji ufalme mwingine ndani ya mipaka yake.

Lugha ya waliokombolewa

Swali moja halijaulizwa vya kutosha katika maandishi kuhusu misioni hii: ni nani hasa waliokuwa wakazi wake? Watabwa wa kando kando walikuwapo, lakini hawakuharakia ubatizo. Kiini cha misioni kilikuwa ni watoto ambao mapadre waliwakomboa, na kukomboa maana yake ilikuwa kulipa bei. Mapadre walitoa nguo na shanga kwa wafanyabiashara, wakapokea watoto. Watoto hao walilelewa ndani ya boma, wakafundishwa dini na kazi, wakaozeshwa wao kwa wao, wakapewa mashamba katika vijiji vya Kikristo vilivyosimamiwa na misioni. Walitoka pande nyingi, na mara nyingi yatima wawili waliolala mkeka mmoja hawakuwa na lugha moja ya mama.

Hapa ndipo Kiswahili kilipopata nafasi ambayo hakikuwa nayo kwingineko katika Kongo. Kitabwa kilikuwa lugha ya wenyeji, lakini hakikuwa lugha ya watoto wale. Kiswahili walikuwa wamekwisha kukisikia njiani, katika minyororo, vinywani mwa waliowateka. Mapadre nao walikuwa wamekianza tangu safari ya kutoka pwani, na mwaka 1885, mwaka ule ule wa kuipokea Mpala, sarufi ya Kiswahili ya Padre Delaunay ilichapwa Paris. Basi sala, katekisimu, hesabu na amri za kazi zikawa za Kiswahili.

Katika Kongo ya mashariki lugha hiyo iliitwa Kingwana, yaani lugha ya wangwana. Mwungwana, kama kila msomaji ajuavyo, ni mtu huru, kinyume cha mtumwa. Wapagazi na askari wa misafara walijiita wangwana hata pale ambapo wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, kwa kuwa jina hilo liliwatenga na "washenzi" wa bara. Mtoto aliyenunuliwa alipofika Mpala, basi, alifundishwa kumwomba Mungu kwa lugha ambayo jina lake lenyewe lilimaanisha kile alichonyang'anywa. Kwa mtoto huyo kujua Kiswahili kulikuwa pia ni kupanda daraja. Huenda hilo linasaidia kueleza kwa nini lugha hiyo ilishika mizizi kwa haraka kuliko dini.

Karema, kituo pacha cha ng'ambo, kinatoa mfano wa mtu mmoja aliyeipitia njia hiyo yote. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akanunuliwa na Mapadre Weupe jangwani, akasomeshwa uganga wa kizungu Malta, na kuletwa Karema mwaka 1889. Alitibu watu wa ziwani mpaka kifo chake mwaka 1956. Mpaka wa wakoloni ulikuwa umevitenga vituo hivyo viwili, Karema ikawa ya Wajerumani na Mpala ya Leopold, lakini ziwa halikuwatenga watu, wala lugha.

Mlima wa Kirungu

Mpala haukukaa muda mrefu kuwa makao makuu. Mwaka 1893 Padre Victor Roelens, Mbelgiji, alianzisha misioni mpya kusini zaidi, juu ya Kirungu, mbali kidogo na joto na mbu wa ufukweni. Aliipa jina la Baudouinville, kwa kumkumbuka mpwa wa mfalme aliyefariki mwaka 1891. Roelens alipata uaskofu mwaka 1896 na kuishi huko mpaka alipofariki mwaka 1947. Huko ndiko kulikojengwa kanisa kuu la matofali, shule, karakana na nyumba ya masista, mji kamili wa kitawa uliopangwa kwa kamba na kipimo. Kisha malale yakaingia pwani mwanzoni mwa karne ya 20, vijiji vingi vya ufukweni vikahamishwa, na Mpala ukabaki nyuma.

Jambo moja la Mpala, hata hivyo, halikuhamishika kwa urahisi, nalo ni elimu. Mafunzo ya kwanza ya waseminari wa eneo hilo yalianzia hapo mwishoni mwa miaka ya 1890, kabla ya seminari ndogo kuhamishiwa Lusaka ya Marungu, ambayo isichanganywe na mji mkuu wa Zambia. Matunda yake yalionekana tarehe 21 Julai 1917, Baudouinville, Stefano Kaoze alipopewa upadre. Alikuwa Mkongo wa kwanza kupata daraja hiyo katika nyakati za kikoloni. Miaka kadhaa kabla ya hapo, angali mseminari, maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalikuwa yamechapwa katika jarida la Kibelgiji, na hutajwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapwa kwa Kifaransa. Kaoze aliwaeleza Wazungu fikra na desturi za watu wake, kazi ambayo mpaka hapo Wazungu walikuwa wakijifanyia wenyewe. Alifariki mwaka 1951.

Baada ya uhuru jina la Baudouinville lilifutwa, na miji hii ikarudia majina yake: Kirungu juu, Moba chini ziwani. Jimbo la Kanisa sasa huitwa Kalemie-Kirungu. Vita havikuliepuka eneo. Mwaka 1984 na tena mwaka 1985 wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila waliingia Moba, miaka zaidi ya kumi kabla ya Kabila kuwa rais. Lakini makanisa yalisimama, na kwa msafiri wa leo matofali hayo ndiyo yanayoonekana kuwa urithi wa pwani hiyo.

Urithi usioonekana kwenye matofali

Fuvu la Lusinga lilipofika Brussels lilipimwa. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé alilieleza, pamoja na yale mengine mawili, mbele ya wanachama wa chama cha anthropolojia, katika zama ambazo wataalamu walidhani tabia ya mtu husomeka katika mifupa yake. Storms, ambaye baadaye alipata cheo cha jenerali, aliyaweka mafuvu hayo nyumbani kwake. Katika miaka ya 1930 mjane wake aliyatoa, pamoja na vitu vingine vya Marungu, kwa makumbusho ya Tervuren. Na mwaka 1964 mafuvu yalihamishiwa katika taasisi ya sayansi za viumbe ya Brussels. Sanamu ya mhenga ilibaki Tervuren, ambako imesifiwa katika vitabu vya sanaa kuwa miongoni mwa kazi bora za Watabwa. Kwa muda mrefu sifa hizo zilitolewa bila kutaja ilivyopatikana.

Mambo yalianza kubadilika kwa utafiti wa mwanaanthropolojia Allen Roberts, aliyeishi Lubanda katika miaka ya 1970 na kusikiliza masimulizi ya wazee. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 2013 aliyaweka masimulizi hayo kando ya shajara ya Storms. Tofauti kati ya mashahidi hao wawili inafundisha. Shajara inaeleza operesheni ya kijeshi dhidi ya mteka watumwa. Wazee walieleza jinsi wageni walivyojifanya wamekuja kwa amani na furaha, Lusinga akatoka kuwapokea, akauawa katikati ya sherehe. Hakuna sababu ya kumfanya Lusinga kuwa shujaa asiye na doa. Wahanga wake walikuwa wengi, na baadhi ya wajukuu wao bado wako Marungu. Lakini msomi anayezikubali habari za shajara kuwa historia na kuyaita masimulizi ya wazee ngano atakuwa amerithi kipimo cha Houzé bila kujua.

Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux aliandika makala kadhaa kuhusu fuvu hilo, ambalo wakati huo lilikuwa bado katika ghala la taasisi ya Brussels, na mjadala ukafika katika bunge na vyuo vikuu vya Ubelgiji. Mwaka 2022 manispaa ya Ixelles iliiondoa sanamu ya kichwa cha Storms iliyokuwa imesimama katika bustani ya mji. Kichwa cha mmoja kilikaa ghalani na cha mwingine bustanini kwa miaka mingi, mwendo wa dakika chache tu kati yao, pasipo wapita njia wengi kujua uhusiano uliokuwapo.

Huku Lufuko mahali penyewe pana majina mawili. Katika vitabu vya Kanisa na katika ramani ni Mpala. Wenyeji wengi husema Lubanda. Yule mtawala aliyekufa kwa ndui hakuwa mkubwa kuliko wenzake, na baada ya kuchanjiana damu na mgeni wake alitawala kwa mwaka mmoja hivi. Lusinga, aliyetawala milima yote ya juu, hakuachiwa hata kijito chenye jina lake katika ramani ambazo Wabelgiji walizichora.